Kubadili daftari huku duka likiwa wazi

ALHAMISI ya Novemba 8, 2018, wateja wa Basecamp, programu ya Kimarekani inayotumiwa na ofisi kupanga kazi na kuwasiliana, walikutana na hali ya ajabu. Waliweza kusoma kila kitu walichowahi kuandika humo, lakini hawakuweza kuongeza hata neno moja. Ujumbe mpya haukupokelewa, kazi mpya haikuandikika, na aliyemaliza kazi hakuweza kuiwekea alama kwamba imekwisha. Hali hiyo ilidumu kwa karibu saa tano.

Hapakuwa na mdukuzi. Umeme haukukatika, wala hakuna aliyefuta kitu kwa bahati mbaya. Namba ndizo zilizokwisha.

Kila kitendo ndani ya programu hiyo kilikuwa kikiandikwa kama mstari mpya katika jedwali moja kubwa la hifadhidata, na kila mstari ulipewa namba yake ya utambulisho: wa kwanza 1, wa pili 2, na kuendelea. Safu ya namba hizo ilitengewa nafasi ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Namba inayofuata haina pa kuandikwa. Siku hiyo jedwali lilifika mwisho, na kila jaribio la kuongeza mstari likakataliwa.

Dawa ilijulikana: kuipanua safu ili ibebe namba kubwa zaidi, hadi zaidi ya trilioni milioni tisa. Tofauti yake si ndogo. Mfumo unaotumia namba elfu moja kila sekunde ungemaliza nafasi ya kwanza ndani ya siku 25. Ile ya pili ungeimaliza baada ya miaka kama milioni 292. Lakini kupanua safu ya jedwali lenye ukubwa huo ni kazi ya saa kadhaa, na ndiyo maana wateja walisubiri.

Kinachouma zaidi ni kwamba Rails, chombo cha kutengenezea programu kilichozaliwa ndani ya kampuni hiyohiyo, kilikuwa kimebadilishwa mwaka 2017 ili majedwali mapya yaanze na safu pana. Jedwali la zamani liliachwa lilivyokuwa. David Heinemeier Hansson, muasisi wa Rails na mmoja wa wenye kampuni, alikiri hadharani kwamba tatizo hilo lingeweza kuepukwa. Mganga alikuwa amewatibu majirani wote, akasahau kwake.

Habari hiyo ya Chicago inawahusu watu wa Afrika Mashariki kuliko inavyodhaniwa. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, maisha ya kila siku ya ukanda huu yamehamia kwenye majedwali. Anayetuma pesa kwa simu, anayenunua umeme wa tokeni, anayelipa kodi mtandaoni, anayekata tiketi ya basi, wote wanaandika mstari katika jedwali ambalo mtu fulani alilichora siku fulani kwa mahitaji ya siku hiyo. Biashara hukua, sheria hubadilika, mipaka hufunguliwa. Jedwali nalo hulazimika kubadilika, na hapo ndipo mashaka yanapoanza.

Mwenye duka la mtaani mwenye daftari la madeni anaweza kuongeza safu ya namba za simu kwa kuchukua rula na kalamu. Duka limefungwa, daftari liko mkononi mwake, hakuna mwingine anayeliandika. Hifadhidata ya leo ni daftari lililofunguliwa mbele ya wauzaji mia moja wanaoandika kwa wakati mmoja, usiku na mchana, na kila mmoja amefundishwa kwamba safu ya tatu ndiyo kiasi cha deni. Atakayehamisha safu hiyo wakati wao wanaendelea kuandika hataona cheche wala moshi. Ataona tu, baada ya wiki, kwamba namba za simu zinajumlishwa kama madeni.

Matoleo mawili, jedwali moja

Wengi hudhani hatari iko katika amri yenyewe ya kubadili jedwali. Hiyo ni sehemu ndogo. Hatari kubwa ni kwamba programu ya zamani na programu mpya huishi pamoja kwa muda, na zote mbili husoma na kuandika katika jedwali lilelile.

Timu za siku hizi hazitoi toleo jipya mara mbili kwa mwaka kama zamani. Nyingine hutoa mara kadhaa kwa siku. Toleo hilo husambazwa kwenye seva moja baada ya nyingine ili huduma isisimame, hivyo kwa dakika kadhaa nusu ya seva zina toleo la jana na nusu zina la leo. Kwenye simu za watu hali ni ngumu zaidi. Wakala wa stendi ambaye simu yake imejaa picha hahuishi programu hadi ikatae kabisa kufunguka. Toleo la mwaka jana linaweza kuwa bado linauza tiketi Busia wakati makao makuu wamelisahau.

Tuseme kuna kampuni ya mabasi iliyoanzia Nairobi. Mfumo wake wa tiketi ulitengenezwa kwa safari za Mombasa, Kisumu na Eldoret. Jedwali la tiketi lina safu nne za kumhusu abiria: jina la kwanza, jina la mwisho, simu na nauli. Simu ni tarakimu kumi zinazoanza na 07. Nauli huandikwa kwa senti, kama wahandisi wengi wanavyofanya ili kukwepa nukta za desimali. Tiketi ya shilingi 1,500 huingia kama 150000. Kwa mwaka wa kwanza mfumo huo hauna kasoro yoyote.

Kila kilichochukuliwa kuwa cha kawaida humo kina siku yake ya kuvunjika. Mwaka 2019 Kenya ilianza kutoa namba za simu za mkononi zinazoanza na 01, na mfumo wowote uliodai 07 ukawa unawakataa wateja halali wa nyumbani, kabla hata ya kuvuka mpaka. Basi likifika Kampala kuna +256, Kigali +250. Julai 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, abiria wa Goma akaja na +243, na akaja na majina matatu: nom, postnom na prénom, kama hati za nchi yake zinavyoyaandika. Je, postnom iingie kwenye jina la kwanza au la mwisho? Karani wa dirisha moja ataamua hivi, wa dirisha la pili vile, na mtu mmoja atakuwa abiria wawili.

Nauli ndiyo mbaya kuliko zote. Kwa mujibu wa ISO 4217, orodha ya kimataifa ya sarafu, shilingi ya Kenya na ya Tanzania huhesabiwa kwa tarakimu mbili za senti. Faranga ya Kongo pia. Shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na faranga ya Burundi hazina senti kabisa. Tiketi ya shilingi 80,000 za Uganda ikiandikwa kama ilivyo katika safu ile ya senti, programu itaisoma kuwa 800. Mhandisi mwingine akisahihisha kwa kuzidisha mara mia mahali pasipostahili, itakuwa milioni nane. Jedwali halitalalamika. Kwa kompyuta 80000 ni namba halali kama namba nyingine yoyote, na safu haina jina la sarafu kwa sababu aliyeichora hakuwaza kwamba kuna sarafu zaidi ya moja duniani.

Haraka ya usiku mmoja

Njia inayowajia wengi kwanza ni kuchagua usiku wa Jumapili, kuifuta safu ya nauli, kuweka safu mpya za kiasi na sarafu, kisha kusambaza programu mpya. Ikifanikiwa, watu hupongezana. Lakini katika dakika zile ambazo safu imeondoka na seva nusu bado zina programu ya zamani, kila anayejaribu kukata tiketi hupata ujumbe wa hitilafu. Na kama programu mpya ina kasoro, hakuna pa kurudi: ya zamani inatafuta safu ambayo haipo tena.

Njia salama ni ndefu na haina mbwembwe. Kwanza safu mpya huongezwa pembeni ya ile ya zamani, zikiruhusiwa kuwa tupu. Programu ya zamani haioni tofauti yoyote. Kisha hutolewa toleo linaloandika kotekote, nauli ya zamani pamoja na kiasi na sarafu vipya, lakini linaendelea kusoma pale pa zamani. Kuanzia hapo kila tiketi mpya inayopita kwenye toleo hilo ina taarifa kamili.

Inafuata kazi ya kujaza tiketi za nyuma. Mamilioni ya mistari hayajazwi kwa amri moja, kwa sababu amri hiyo ingeshikilia jedwali na kuwachelewesha wanaouza. Hujazwa kidogokidogo, tuseme mistari elfu moja, kupumzika, elfu moja nyingine. Hapa ndipo mhandisi hukutana na swali ambalo kompyuta haiwezi kumjibia: tiketi za zamani ziandikwe sarafu gani? Jibu jepesi ni shilingi ya Kenya kwa zote, maana mfumo ulikuwa wa Kenya. Lakini kama ofisi ya Kampala ilikuwa ikitumia mfumo huohuo kwa miezi sita kabla ya mabadiliko, karani wake alikuwa akiandika nini? Shilingi za Uganda? Au alikuwa akibadilisha kichwani kwa kiwango cha siku hiyo? Inabidi mtu aende akamuulize, na majibu yalinganishwe na stakabadhi za benki. Timu inayolipita swali hili itakuwa na hifadhidata safi yenye hesabu za uongo, na kuisahihisha baadaye ni kazi kubwa kuliko ile ya kwanza.

Baada ya kujaza, safu mbili hulinganishwa kwa siku kadhaa: je, kila tiketi inatoa jibu moja kwa njia zote mbili? Zikikubaliana, programu huanza kusoma safu mpya, huku ile ya zamani ikiendelea kuandikwa kama akiba. Ikitokea kasoro, usomaji hurudishwa nyuma bila kupoteza tiketi hata moja. Mwisho kabisa, uandishi wa safu ya zamani husimamishwa, na siku nyingine, safu hufutwa.

Kwa ufupi wahandisi huita hivyo kupanua kisha kupunguza. Wazo hilo si geni. Mwaka 2003 Martin Fowler na Pramod Sadalage walichapisha makala iliyoeleza jinsi hifadhidata inavyoweza kukua pamoja na programu, na mwaka 2006 Sadalage akishirikiana na Scott Ambler akatoa kitabu kizima juu ya kuboresha muundo wa hifadhidata kwa hatua ndogondogo. Kabla ya hapo katika kampuni nyingi jedwali lilikuwa miliki ya wasimamizi wa hifadhidata, na kulibadili kulihitaji fomu, sahihi na subira ya miezi.

Zana zilizofuata, kama zile za Rails, Liquibase na Flyway, ziliingiza utaratibu mwingine. Kila badiliko la jedwali huandikwa kwenye faili dogo lenye namba au tarehe, likahifadhiwa pamoja na programu, likapitiwa na mwenzako kabla ya kutumika. Hifadhidata yenyewe hutunza orodha ya mafaili yaliyokwisha kuendeshwa. Kanuni yake inafanana na ya kitabu cha risiti: risiti iliyokwisha tolewa haifutwi wala kuandikwa upya, ukikosea unatoa nyingine ya kusahihisha. Anayelihariri faili ambalo lilishaendeshwa huzaa hifadhidata mbili zenye historia tofauti, moja kwenye kompyuta yake na nyingine kwa wateja, na hakuna zana itakayompatanisha.

Foleni nyuma ya lori pana

Kuna ajali moja inayowapata hata wenye uzoefu. PostgreSQL, mojawapo ya hifadhidata zinazotumiwa sana duniani, inapobadili muundo wa jedwali kwa kawaida hulifunga kwa muda, asiingie mwingine hata wa kusoma. Kuongeza safu tupu huchukua sehemu ndogo mno ya sekunde, kwa hiyo mhandisi haoni sababu ya kuogopa, anaendesha amri saa nne asubuhi.

Bahati mbaya mhasibu alifungua ripoti kubwa dakika kumi zilizopita na bado inasoma jedwali hilohilo. Amri ya kubadili inasubiri ripoti imalize. Shida haiko katika kusubiri kwake. Iko nyuma yake. Wote wanaokuja baada ya amri hiyo, hata anayetaka kusoma mstari mmoja tu, hupanga foleni nyuma yake. Dereva yeyote wa barabara ya Malaba anaijua picha hii. Lori lililobeba mtambo mpana limesimama mbele ya daraja jembamba likingoja daraja liwe tupu, na nyuma yake magari madogo ambayo yangepita bila shida yamejazana hadi mjini. Ndani ya dakika moja huduma nzima imesimama, na anayetazama mitambo haoni seva yoyote iliyoelemewa. Zote zinasubiri.

Kinga yake ni ya bei rahisi: amri hupewa kikomo cha kusubiri, tuseme sekunde mbili. Isipopata nafasi inajiondoa, foleni inapita, na inajaribu tena baadaye. Ni mstari mmoja wa kuandika. Inashangaza ni timu ngapi huuandika siku moja baada ya kuuhitaji.

Wenye kutengeneza hifadhidata nao wamepunguza makali. Hadi PostgreSQL 10, kuongeza safu yenye thamani ya kuanzia kulilazimu jedwali lote kuandikwa upya. Tangu toleo la 11 la mwaka 2018 thamani isiyobadilika huwekwa papo hapo. Mwaka huohuo MySQL 8.0.12 ilileta uwezo wa kuongeza safu bila kunakili jedwali. Faharasa za PostgreSQL zinaweza kujengwa wakati watu wanaendelea kuandika, mradi mhandisi akumbuke kuomba hivyo. Kwa hiyo ushauri wa mwaka 2015 si lazima uwe ushauri wa leo, na anayenakili amri bila kuangalia toleo la hifadhidata yake anacheza bahati nasibu.

Kwa majedwali makubwa mno, kampuni zilibuni njia ya kivuli. Facebook walitoa zana yao mwaka 2010, na Agosti 2016 GitHub, mahali ambapo mamilioni ya watengenezaji programu huhifadhi kazi zao, wakatoa yao iitwayo gh-ost. Hutengenezwa jedwali la pili lenye muundo mpya, tupu. Mistari hunakiliwa humo polepole huku zana ikifuatilia kila kinachoandikwa kwenye jedwali halisi na kukiandika kwenye kivuli pia. Yakishafanana, majina yanabadilishwa: kivuli kinakuwa jedwali. Zoezi linaweza kuchukua wiki, na linaweza kusitishwa wakati wowote kukiwa na msongamano.

Hata hivyo ubingwa si hirizi. Novemba 27, 2021, GitHub wenyewe walikuwa wakikamilisha badiliko la jedwali kubwa la MySQL. Kila hatua ilikwenda vizuri hadi ile ya mwisho ya kubadilisha majina, ndipo seva nyingi za kusomea zikakwama kwa wakati mmoja. Huduma iliyumba kwa saa mbili na dakika 50. Data haikuharibika na uandishi uliendelea, na hilo lastahili kutajwa: walianguka, lakini walianguka kwa namna ambayo waliweza kuinuka na kila kitu mkononi.

Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa

Neno "tutarudisha nyuma" hupendwa sana katika vikao vya maandalizi. Programu inaweza kurudishwa nyuma kwa dakika moja. Data iliyofutwa hairudi kwa kurudisha programu. Safu ikishaondolewa, kuiongeza tena huleta safu yenye jina lilelile na mistari mitupu. Kinachobaki ni nakala ya akiba, na swali la pekee lenye maana juu ya nakala ya akiba ni lini ilijaribiwa kwa mara ya mwisho.

GitLab, washindani wa GitHub, walijifunza hilo mbele ya dunia nzima. Januari 31, 2017, katika kuhangaika na hitilafu ya hifadhidata, mhandisi alitoa amri ya kufuta akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Alikuwa kwenye seva kuu. Alipoisimamisha, kati ya gigabaiti kama 300 zilibaki 4.5. Timu ilipokwenda kutafuta nakala za akiba ilikuta ghala tupu: zana ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, ilikuwa ikishindwa muda mrefu, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala iliyotengenezwa saa sita kabla kwa shughuli nyingine kabisa. Kazi ya saa hizo sita ilipotea. Sifa yao ni kwamba walieleza kila kitu waziwazi, hata wakarusha moja kwa moja zoezi la uokoaji, na timu nyingi zimefaidika na aibu yao.

Mkasa wa benki ya TSB ya Uingereza ni wa aina nyingine, wa kuhamisha mfumo mzima badala ya jedwali moja, lakini unaonyesha bei ya kutaka mambo yote yaishe kwa mara moja. Wikiendi ya Aprili 20 hadi 22, 2018, benki hiyo ilihamisha taarifa za wateja wake kwenda mfumo mpya. Data yenyewe ilihama salama. Mfumo uliopaswa kuihudumia ndio ulioshindwa kubeba mzigo, na wateja hadi milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Huduma hazikutengemaa kikamilifu hadi Desemba mwaka huo. Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliipiga benki faini ya pauni milioni 48.65, na mwaka 2023 aliyekuwa mkuu wa teknolojia akatozwa yeye binafsi pauni 81,620. Faini hiyo ya pili ni ndogo, lakini ndiyo iliyosomwa kwa makini zaidi katika ofisi za wakuu wa teknolojia.

Kampuni changa ya Kigali au Bujumbura yenye wahandisi wawili haina idara ya hifadhidata wala bajeti ya zana za kifahari, na pengine haihitaji. Jedwali la mistari laki mbili hubadilika kwa sekunde chache hata kwa njia ya kizamani. Kufunga huduma saa tisa usiku kwa dakika tano, baada ya kuwatangazia wateja, ni uamuzi wa busara pale ambapo wateja wamelala. Kosa ni kudhani utaratibu huo utafaa milele. Mhandisi wa kampuni ndogo anaweza kufanya mambo mawili bila senti ya ziada: kila badiliko liandikwe kwenye faili na lisomwe na mwenzake, na kila mwezi nakala ya akiba ifunguliwe kweli kwenye kompyuta nyingine na kuhesabiwa mistari.

Jambo ambalo timu ndogo na kubwa hushindwa sawasawa ni hatua ya mwisho, ya kupunguza. Safu mpya inafanya kazi, wateja wameridhika, meneja ameshaleta kazi nyingine. Safu ya zamani inabaki, hakuna anayeiandika, hakuna anayethubutu kuifuta. Baada ya miaka mitatu jedwali lina nauli, nauli_mpya na nauli_sahihi, na mhandisi aliyeajiriwa wiki iliyopita anachagua ile yenye jina zuri.

Kabla ya kufuta, kumbukumbu za hifadhidata hupekuliwa kuona kama kuna anayeigusa bado safu hiyo. Wiki mbili za ukimya hazitoshi, kwa sababu kuna ripoti za mwisho wa mwezi, na kuna ile ya ukaguzi inayoendeshwa mara moja tu kwa mwaka, mara nyingi na programu iliyoandikwa na mtu aliyeshaacha kazi. Mwaka wa fedha wa serikali za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda hufungwa Juni 30, na ofisi nyingi zinazoshughulika na serikali hizo hufuata kalenda hiyo. Kwa hiyo kampuni ile ya mabasi, kama ilihamia kwenye safu mpya mwezi Februari, itaiacha nauli ya zamani ilale humo hadi wakaguzi wapite na ripoti zao zitoke bila hitilafu. Ndipo, katikati ya wiki, asubuhi, watu wote wakiwa kazini na nakala ya akiba ikiwa imejaribiwa jana yake, mtu ataiendesha amri ya kuifuta, ikiwa na kikomo cha sekunde mbili.